Jina la Gari Halibebi Mzigo

Kila asubuhi, kwenye kibanda cha chai na mahamri, wanaume wa Timbwani walikuwa na ubishi mmoja: gari gani ndiyo gari. Wengi wao hawakuwa na hata baiskeli. Lakini kwa ubishi, hawakuwa na mshindani.

Bingwa wao alikuwa Mzee Mohdhar. Mohdhar aliteremsha magari melini, bandarini Kilindini, mpaka alipostaafishwa. Aliyajua magari kwa majina kama mtu ajuavyo wajukuu zake.

"Hokari ndiyo gari," alikuwa akisema. "Hokari haifi, wallahi. Doviki je? Doviki ina viti vitatu: cha dereva, cha utingo na cha fundi!"

Watu walicheka mpaka chai ikawamwagikia. Hakuna aliyemwuliza kama amewahi kuendesha Doviki. Hakuwahi. Magari yote aliyoyajua aliyaona yakiwa mapya, siku ya kushuka melini. Yalipozeeka, yeye hakuwapo.

Kiinua mgongo chake kilipotoka, Mohdhar aliamua kununua pikapu. Angebeba nazi na mihogo kutoka upande wa Ukunda hadi soko la Kongowea. Hiyo ndiyo ingekuwa riziki yake, ya mkewe Mwanaima na ya watoto waliokuwa bado shuleni. Hapakuwa na fedha nyingine nyuma ya hiyo.

Pikapu mbili zilikuwa zinauzwa. Ya kwanza ilikuwa Doviki, ya karani mmoja aliyekuwa akihamia bara. Rangi yake ilikuwa imechujuka. Yule karani alikuja nyumbani mwenyewe, akapunguza bei, akaja tena. Mohdhar hakutoka hata nje kuitazama.

"Kizuri chajiuza," alisema. "Kibaya chajitembeza."

Doviki hiyo ilinunuliwa na jirani yao, Mutua, mwalimu wa ufundi wa magari. Mohdhar alimcheka waziwazi. "Mwalimu mzima umejinunulia jeneza!"

Mutua alitabasamu tu, akaenda zake kuosha gari.

Ya pili ilikuwa Hokari, ya Jumaa, mchuuzi wa samaki wa Kisauni. Ilikuwa ya buluu, imepakwa rangi juzi, inang'aa. Mwanaima aliizunguka, akamvuta mumewe kando.

"Baba Johari, si umwite Mutua aitazame kwanza?"

"Hokari hukaguliwa?" Mohdhar alikasirika. "Ni sawa na kumwuliza imamu kama ajua kusali! Wataka kunitia aibu mbele ya mgeni?"

Basi wakaketi mkekani. Wakanywa kahawa. Bei ikakatwa, mikono ikainuliwa, ikasomwa Fatiha. Na kwao, Fatiha ikishasomwa, maneno yamekwisha. Kurudi nyuma ni fedheha. Jumaa hakusema uongo hata mmoja siku ile. Hakuulizwa kitu, naye hakusema.

Haukupita muda. Mohdhar alikuwa anatoka Ukunda na shehena ya nazi. Alipofika Shika Adabu alisikia mlio mkali chini yake, kama gogo linalopasuka. Gari ilikatika katikati. Kitako chake kikalala barabarani, na nazi zikatawanyika mpaka mtaroni.

Watu walijaa. Na ajabu ya binadamu ni hii: gari imelala mbele yao imevunjika mgongo, nao bado wanaitetea.

"Hokari? Haiwezekani!"

"Mzee, wewe ndiye uliyeipakia vibaya!"

Mohdhar alisimama pale asijue aweke wapi uso. Aliyemwokotea nazi alikuwa Mutua, aliyekuwa akipita na gari yake. Nazi hizo zilifika sokoni ndani ya Doviki, nayo Hokari ikavutwa kwa kamba hadi nyumbani.

Jioni Mutua alikuja na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu," alijibu Mwanaima. Mohdhar hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mutua aliweka sumaku mlangoni mwa Hokari. Ikashika. Akaishusha hadi ubavuni, karibu na gurudumu. Ikaanguka chini.

"Kwa nini haishiki hapo?" aliuliza Mwanaima.

"Hapo hakuna chuma, mama. Chuma kililiwa na kutu, wakajaza gundi ya bodi, wakapaka rangi juu." Mutua alipiga magoti, akagonga chesisi, ule mgongo wa gari, kwa spana. Kutu ikamwagika kama unga wa muhogo. "Gari hii ilibeba samaki na barafu miaka mingi. Maji ya chumvi yalidondoka hapa kila siku. Nayo haikuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi."

"Lakini ni Hokari," alisema Mohdhar kwa sauti ndogo.

"Ni Hokari, mzee. Kiwandani ilitoka nzuri sana. Jina hupewa na kiwanda, lakini hali hupewa na aliyeitumia. Ile Doviki yangu, yule karani aliitunza. Niliingia uvunguni, nikainua mikeka yake, nikaiwasha asubuhi injini ikiwa baridi, nikaijaribu breki kilimani, nikalinganisha nambari ya injini na ile ya kwenye kitabu cha gari. Ndipo nikaongea bei. Wewe ulisoma Fatiha kwanza."

Mohdhar alilia. Mtu mzima, mbele ya mkewe na jirani, alilia.

Mafundi wote walisema neno moja: chesisi imekwisha. Mwanaima aliuza cherehani yake. Johari alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akakaa jikoni na sare yake. Mohdhar aliacha kwenda kibandani. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja kuishi naye nyumba moja.

Mwisho alimpata fundi wa kuchomelea. Fundi aliunga vipande, akavipaka lami nyeusi juu. Kwa macho, gari ilikuwa nzima.

Mnunuzi alikuja upesi. Aliitwa Ruwa, mkulima wa Kwale, aliyekuwa ameuza ng'ombe wake wote. Hakufungua boneti. Aliipapasa tu ile nembo ya mbele, macho yakimng'aa.

"Hokari haina kesi," alisema. "Hebu tusome Fatiha, mzee."

Akainua mikono. Mwanaima alikuwa mlangoni, amejifunika kanga mdomoni. Alitaka mumewe anyamaze. Mungu amsamehe, alitaka hivyo, maana ndani kulikuwa na watoto wenye njaa.

Mohdhar naye aliinua mikono. Kisha akaishusha.

"Shusha mikono, bwana. Ingia uvunguni kwanza. Ikwangue lami hiyo."

Ruwa aliingia. Alipotoka, alikuwa na kipande cha chuma kilichooza kiganjani.

"Ulitaka kuniua, mzee?" alifoka.

"Nilitaka," alijibu Mohdhar.

Ruwa alimtukana, akaondoka bila kuaga.

Lakini baada ya siku chache alirudi, amepoa. Alitaka kununua gari nyingine, naye hakumwamini mtu mwingine wa kumtazamia. Mohdhar alimchukua Mutua na sumaku yake, wakaenda watatu mpaka Changamwe. Mohdhar mwenyewe alilala chini ya magari, kanzu ikachafuka kwa mafuta. Hii hapana. Hii nayo hapana. Ya tatu ilikuwa na jina ambalo watu wa kibandani wangelicheka wiki nzima. Ilipogongwa, chesisi yake ililia ngaa, ngaa, chuma kitupu. Ruwa aliinunua. Hokari ya Mohdhar ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa bei ya kutupa.

Aliporudi nyumbani, Mwanaima alikuwa jikoni.

"Amenunua?"

"Amenunua. Gari nzuri. Watoto wake watakula."

"Na wetu, Baba Johari?"

Mohdhar aliketi kizingitini. "Wetu, Mungu yupo."

Mwanaima alifunika sufuria iliyokuwa na maji matupu, akajitanda buibui, akaenda kwa jirani kuomba unga.