Kimezasauti

Bi. Tumpe alikohoa, na kikohozi chake kikaishia hewani. Juu ya kila kiti katika ukumbi ule wa sinema, Mbeya, palining'inia kisahani cheusi, upana wake kama mfuniko wa sufuria ya chai, kiitwacho kimezasauti, kilichofungwa mwezi huo. Kilisikia mawimbi ya sauti ya mtu, kikatoa mawimbi yaliyo kinyume chake, sauti ikafa kabla haijamfikia jirani. Wenye ukumbi walijisifu kwamba wameondoa kero zote za sinema: watoto wanaolia, watu wanaotafuna bisi, wanaopokea simu.

"Wamebakiza moja, nayo ni hiki," alisema Bi. Tumpe. Hakusikiwa na mtu.

Alikuwa amekwisha kuchoka. Mlangoni roboti mkaribishaji alipekua kikapu chake na kuyazuia mahindi ya kuchemsha, eti harufu yake haimo kwenye orodha. Kisha kiti kikampima kiuno, kikampa pole kwa maumivu ya mgongo ambayo hakuwa amemlalamikia mtu, kikaanza kumkanda. Alikiambia kimwache. Kikaongeza nguvu.

Hayo yote angeyavumilia. Lakini Mzee Ambakisye, mumewe, alikuwa haoni. Macho yake yalizimika miaka tisa iliyopita, na macho ya kupandikiza yalimkataa mara mbili, mara ya pili mwaka jana tu. Kwa miaka hiyo yote, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, walikuja hapa, naye Bi. Tumpe akamsimulia sikioni: nani kaingia, kavaa nini, kanuna vipi. Watu wa viti vya nyuma walikuwa wakijisogeza ili nao wasikie. Sasa hata mumewe, aliyekaa naye bega kwa bega, hakupata neno.

Alibonyeza kitufe cha kiti. Roboti akaja akiteleza.

"Kijana, zima hiki kidude. Nina kazi ya kumsimulia mume wangu."

"Bibi, hakizimwi," roboti alijibu kupitia kwenye kiti, kwa upole wa kukera. "Mzee tutampa msimulizi. Anaona picha yote na kuieleza bila kukosea."

Akampachika Mzee punje ndogo sikioni. Mzee akatabasamu, akautafuta mkono wa mkewe, akaupigapiga, kana kwamba anamwambia leo apumzike.

Bi. Tumpe hakupumzika. Filamu yenyewe waliiona mwaka jana, kabla vidude havijafungwa: mama anayemngojea mwanawe stesheni ya treni. Mzee ndiye aliyeomba waje tena, maana aliupenda mwisho wake. Mwisho ulipokaribia, Bi. Tumpe alimvuta mkono.

"Baba Atu, twende, mgongo unaniuma."

Kisahani kikameza. Akanyoosha mkono aing'oe ile punje. Kiti kikadhani anaanguka, kikamkumbatia na kumrudisha chini. Akabaki amebanwa hapo, akiutazama uso wa mumewe mpaka taa zikawaka.

Nje, juani, Mzee alisimama.

"Mama Atu. Mwaka jana mtoto alishuka kwenye treni, mama yake akamfuta vumbi usoni."

"Ndiyo."

"Leo treni imefika tupu. Mama kajitanda khanga yake, karudi nyumbani peke yake. Kile kidude cha sikioni kimekosea?"

Bi. Tumpe alitamani kusema ndiyo. Mashine gani mjini humu haikosei? Asubuhi ileile jiko lao lilikuwa limeunguza uji huku likiwapongeza.

"Hakikukosea," alisema.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Ulikuwa umetoka kukataliwa na macho mara ya pili. Ningekupeleka kulala na treni tupu?"

"Na zile nyingine?"

"Baadhi."

"Zipi?"

"Zilizoisha vizuri sikuzigusa, Baba Atu."

Mzee akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. Watu walikuwa wakitoka ukumbini, wakiwapita kushoto na kulia. Akangoja wapungue.

"Na Atupele? Akija Jumapili huwa unaniambia, huyo mwanao, kaingia anacheka."

Bi. Tumpe alirekebisha kikapu begani, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Husimama mlangoni kwanza," alisema. "Akikuona ulivyokaa, machozi yanamtoka. Anayafuta kwa kitenge, ndipo anaingia."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Na mimi hukaa pale namtania kwamba hana shida hata moja duniani. Naye ananiitikia, ndiyo baba."

Bi. Tumpe aliinua macho. Hapakuwa na kisahani juu yake.

Mzee alinyoosha mkono, akangoja ushikwe.

"Nipeleke kwake."

"Leo Jumamosi, Baba Atu. Atakuja mwenyewe kesho."

"Najua leo ni siku gani," alisema. "Twende. Na akifungua mlango, usiniambie kitu."