Bibi Vijiko Vitatu

Soko lilikuwa limefurika wageni wa likizo, na uyoga ulibaki kikapu kimoja. Mpishi alikidaka upande huu; upande wa pili kikashikwa na mkono uliovaa glavu nyekundu.

"Dada, niachie. Mimi nina mkahawa, wateja wananisubiri."

"Na mimi nina njaa, kaka."

"Basi uje uule ukiwa umeiva. Ngazi za mawe nyuma ya kituo cha mabasi. Panda mpaka pumzi ikuishie, ndipo hapo."

Yule mwanamke akacheka, akakiachia. Koti lake la njano lilimfika magotini, na daftari dogo lilichungulia mfukoni.

Mkahawa ulikuwa na meza sita na dirisha moja linalotazama mlima. Aliyehudumu alikuwa dada mkubwa wa mpishi, na mchana koti la njano lilipoingia likihema, alikimbilia jikoni.

"Mdogo wangu, umemwalika nani? Yule ndiye mwandishi wa kile kijitabu cha wageni! Wapi pa kula, wapi pa kunywa. Huonja vijiko vitatu tu, anaandika, anaondoka. Asipotutia humo, supu yako utamlisha paka msimu mzima."

Mpishi akaunguza vitunguu. Alichungulia mlangoni, akahesabu. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha, Mungu wangu, cha nne! Mwanamke alikula mpaka akafuta bakuli kwa mkate. Daftari halikutoka mfukoni.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Kazi yake ilimzungusha mji mzima, miguu haitulii: mvinyo kwenye baraza la hoteli, keki kwa mwokaji wa darajani, chai pale watalii wanapopandia mlimani. Kila alikopita alipiga simu.

"Uko wapi, Bibi Vijiko Vitatu?"

"Mkahawa wa nne leo. Samaki wao amekauka kama soli ya kiatu. Niwekee supu, mpenzi."

"Supu tu?"

"Na aliyeipika, kama hajachukuliwa."

Mpishi alikata simu huku akitabasamu peke yake kama mwehu. Tangu hapo hakuweza kukaa. Akisikia hatua kwenye ngazi, mwiko ulimdondoka.

Kijitabu kilitoka wiki ya kwanza ya baridi. Dada yake alishusha kidole kwenye orodha, mara ya kwanza, mara ya pili. Mikahawa thelathini na miwili. Hata kibanda kile cha kahawa chungu kilikuwamo. Wao hawakuwamo.

"Labda amesahau," alisema dada, kwa sauti ndogo.

"Hajasahau. Anakula kwangu, halafu anaona haya kusema amekula kwangu."

Akazima simu. Siku nne alihamisha meza, akazirudisha. Akasugua sufuria zilizokwisha kung'aa. Wageni walipita kule chini, vijitabu mkononi, bila kuitazama ngazi. Siku ya tano alikubali kazi kwenye hoteli moja ziwani, mbali na mlima. Begi akaliweka mlangoni. Basi lilikuwa la alasiri.

"Sufuria hiyo itatoboka," alisema dada yake. "Mpigie."

"Sina la kumwambia."

Kabla hajaiweka chini sufuria, hatua zilisikika kwenye ngazi. Koti la njano likaingia, vifungo vimepishana, pumzi juu juu.

"Simu yako imekufa, au ni mimi uliyenizika?"

"Umewaandika watu thelathini na wawili. Mimi umeniacha."

"Umesoma kurasa ngapi?"

"Orodha. Kwani kuna kingine?"

"Mji mzima mnaruka ukurasa wa kwanza!" Akamtupia kijitabu kifuani. "Soma. Kwa sauti."

Mpishi alifuta mikono kwenye aproni. "'Mwandishi hakuuweka humu mkahawa wowote ambao mpishi wake ni ndugu yake, rafiki yake...'" Akakisogeza kijitabu karibu na macho. "'...au mchumba wake.'"

"Mwaka jana yalikuwa maneno mawili tu, ndugu na rafiki. Hilo la tatu nimeliongeza mimi."

"Lakini sijakuposa."

"Najua. Nimekaa siku tano nikisubiri unipigie unikosoe."

"Kwa hiyo umeandika uongo."

"Miaka sita sijachapisha uongo hata mstari mmoja," alisema, macho yamemjaa machozi na kicheko. "Na nakala elfu mbili zimeshatoka. Hebu fanya haraka."

Mpishi alilitazama begi. Akalisukuma chini ya meza kwa mguu, akapiga goti palepale, povu la sabuni lingali kwenye viwiko.

"Nioe, Bibi Vijiko... hapana. Nikuoe. Nikuoe?"

Dada yake aliangua kicheko jikoni.

"Lete supu kwanza," alisema mwanamke, akiketi dirishani. "Siamui na njaa."

Akaletewa. Mpishi alisimama kando ya meza, akikunja aproni, akiikunjua. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Mwanamke akakiweka kijiko mezani, akatazama mlima.

Kisha akakichukua tena, akachota cha nne.