Chai ya Mafundi Juu ya Paa

Kila siku Dervla alipotoka shule, alibandika birika hata kabla ya kuvua koti. Bibi Cassie alikuwa akimngoja karibu na moto, vikombe viwili vikiwa tayari mezani, na maswali tele kuhusu nani kagombana na nani darasani. Siku hiyo ya Novemba birika lilikuwa likichemka tangu asubuhi, tena kwa mikono ya majirani. Bibi Cassie alikuwa amelala ndani ya jeneza sebuleni, amevalishwa sweta ya buluu aliyoifuma mwenyewe, rozari ikiwa vidoleni.

Kwao Donegal, huko Ireland, marehemu haachwi peke yake. Hukaa nyumbani, watu wakaja kumuaga, wakanywa chai na kukumbushana vituko vyake, mpaka asubuhi ya mazishi. Siku chache kabla hajafa, Bibi alimshika Dervla mkono akamwambia, "Mimi nitatoka kwa mlango wangu mwenyewe. Wasinipeleke kwingine."

Lakini dhoruba ilikuwa imeng'oa vigae vya mawe upande mmoja wa paa, na maji yalivuja hadi sebuleni. Jeneza lilisogezwa ukutani, beseni likawekwa chini ya dari iliyolowa. Tone, tone, tone. Mwenye gari la maiti alitazama juu, akatikisa kichwa.

"Paa lisipozibwa kabla ya giza, itabidi nimpeleke mjini," alimwambia baba. "Dari hii itawaangukia."

Ndipo walipofika Malachy na nduguye Condy, mafundi wa paa. Mvua ilikuwa ikipiga kwa upande, upepo ukivuma kutoka baharini. Waliegemeza ngazi ukutani, wakapanda.

"Dervla, kawaulize mafundi kama watakunywa chai," mama alisema. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

Dervla hakutaka kutumwa popote. Alitaka kukaa na Bibi yake. Alifungua mlango nusu, akapaza sauti, "Mtakunywa chai?"

"Hapana, mwanangu, tuko sawa," Malachy alijibu kutoka juu. "Usijisumbue."

"Haya," alisema Dervla, akafunga mlango.

Sasa, hata mtoto mdogo wa kwao anajua kwamba hapana ya kwanza si hapana. Ni adabu tu. Mgeni hukataa, mwenyeji hushikilia, mgeni hukataa tena, mwenyeji hujifanya kukasirika, ndipo kikombe kinapokewa. Hakuna aliyewahi kumshinda Bibi Cassie katika jambo hilo. Tarishi aliyeleta barua aliondoka kwake na keki mfukoni, apende asipende. Dervla aliyajua yote haya vizuri sana. Siku hiyo hakujali.

Nyumba ilijaa watu. Walikula mikate na keki ya zabibu, wakanywa chai kikombe juu ya kikombe. Huko juu nyundo ziligonga ko, ko, ko, na kila pigo lilimchoma Dervla moyoni. Aliona kama wanampigia Bibi kelele.

Jioni ilipokaribia, majirani walipiga magoti kusali rozari. Mara nyundo zikanyamaza. Dervla alishtuka. Je, wameenda zao? Alitoka nje upesi.

Hawakuwa wameenda. Malachy na Condy walikuwa wamepiga magoti juu ya paa, kofia wamezivua, mvua ikiwamwagikia kichwani. Sala zilipanda kupitia tundu la paa, nao wakaziitikia kwa midomo iliyokuwa ikitetemeka. Zilipokwisha, Malachy alinyoosha mkono kuchukua kigae. Kikamponyoka, kikateleza, kikavunjika karibu na miguu ya Dervla.

"Umeumia, binti?"

"Hapana."

"Vidole vyangu vimekufa ganzi," Malachy alimwambia nduguye. "Hata msumari siuhisi. Nitakuja kuua mtu."

"Bado safu mbili," alisema Condy. "Na giza hilo."

"Basi tukamwambie mwenye nyumba tumeshindwa."

Dervla aligeuka akautazama mlango. Bibi atabebwa mjini, kwenye nyumba asiyoijua, kati ya watu asiowajua, kwa sababu ya kikombe cha chai.

"Shukeni mnywe chai!" alipiga kelele.

"Ah, hapana, mwanangu. Tumelowa. Tutawachafulia nyumba, nanyi mna msiba."

"Shukeni!"

"Usijisumbue, tafadhali."

Dervla aliweka mikono kiunoni, na maneno ya Bibi yakamtoka yenyewe. "Nyinyi wawili mnataka kunitia aibu kwenye mlango wangu? Chai imeshamiminwa, wala haitajinywa!"

Kisha Condy akacheka, na alipomaliza kucheka akajifuta macho. "Shuka, Malachy. Huyo ni Cassie mwenyewe."

Walivua viatu mlangoni. Soksi ya Condy ilikuwa na tundu, kidole gumba kikichungulia nje. Dervla aliwaketisha karibu na moto, akampa Malachy kikombe cha Bibi. Fundi alikishika kwa mikono miwili mpaka vidole vikarudi kuwa vyake.

"Pole sana kwa msiba, binti," alisema. "Bibi yako alinilisha kila nilipopita hapa. Na kila mara nilimwambia nimeshiba."

Walipanda tena, baba akiwamulikia kwa taa. Kabla giza halijakolea, tone la mwisho lilianguka kwenye beseni. Watu wote sebuleni walingoja lingine. Halikuja. Katika ule ukimya Dervla aliangua kilio, mara ya kwanza tangu Bibi afariki.

"Mama," alisema kwa kwikwi, "niliwauliza mara moja tu."

"Nilikusikia," mama alijibu, akamkumbatia. "Na mimi sikuinuka. Sote tulikuwa tumezama katika machozi yetu. Lakini sikiliza, mwanangu. Anayelowa kwa ajili yako hatakuomba kitu. Usimuulize ukiwa ndani. Toka, umfuate, umshukuru kwa mikono yako."

Asubuhi Bibi Cassie alitoka kwa mlango wake mwenyewe. Majirani walimbeba kwa zamu kuelekea kanisani. Malachy na Condy walisimama kando ya lango, kofia mikononi. Dervla aliwaendea.

"Njooni mumbebe."

"Hapana, binti," alisema Malachy. "Hiyo ni heshima ya jamaa."

Aliwaambia mara ya pili, wakatikisa vichwa. Akawaambia mara ya tatu, huku akilia. Ndipo wakatia kofia zao mifukoni, wakaja, wakaweka mabega chini ya jeneza.