Chipu Isiyoitika

Kila siku akitoka shule, msichana mmoja alipita njia ya nyuma ya maduka, peke yake, mpaka kwenye chumba cha kazi cha mjomba wake. Darasani walimwita Mgeni. Alihamia pale mwanzoni mwa mwaka, mama yake alipopata kazi mji wa mbali na kumwacha kwa mjomba huyo, kaka wa mama. Sasa mwaka ulikuwa unakaribia kwisha, na bado ni Mgeni tu. Jina lake halisi lilitajwa wakati wa kuita mahudhurio, basi. Wakati wa mapumziko alikaa kwenye ngazi ya maktaba akila mkate wake polepole, ili usiishe kabla ya kengele.

Kwa mjomba mambo yalikuwa mengine. Mjomba alikuwa fundi wa redio na amplifaya, mtu wa utani mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimpa Mgeni kiti chake mezani, bisibisi yake, na kazi ya kupanga nyaya. Pale kulikuwa na mtu wa kumwambia "shika hapa" na "umeona?" Kwa mtoto anayeshinda siku nzima bila kusemeshwa, hayo si maneno madogo, jamani. Akiikosa ile meza, hana pengine pa kwenda.

Sharti lilikuwa moja: mchana hakuna kelele. Upande wa pili wa ukuta alilala muuguzi anayefanya kazi usiku. Mchana amplifaya ilijaribiwa kwa sauti ndogo, na jioni, muuguzi akishaondoka, ndipo ilipandishwa mpaka mwisho.

Siku moja kocha wa netiboli alileta amplifaya ya timu, nyaya zake zimetafunwa na panya. Mgeni alizibadilisha zote mwenyewe. Akazilaza pamoja, nene na nyembamba, akazikaza kwa vibana vya plastiki. Kazi ilipendeza. Kocha akaja kuichukua alasiri, jioni haijafika, huku akitazama saa yake.

"Ebu ona, nyaya zimesukwa kama nywele za bi harusi," mjomba alisema. "Umeijaribu?"

"Nimeijaribu."

"Mpaka mwisho?"

Kocha amesimama mlangoni, mjomba anatabasamu. "Ndiyo," Mgeni akasema. Lilimtoka tu.

Baada ya mechi kocha alirudi, amplifaya kwapani, uso umekunjamana.

"Fundi, umeniaibisha. Kwa sauti ndogo inaongea vizuri. Nilipoipandisha nitangaze wachezaji, kimya. Uwanja mzima ukacheka."

Jioni ile, muuguzi alipoondoka, mjomba aliipandisha taratibu. Ilifika katikati ikanyamaza, na taa nyekundu ikawaka.

"Unaiona taa hiyo?" mjomba alimweleza Mgeni. "Hii bodi ndogo hutoa amri. Chipu hii ndiyo inayosukuma sauti kwenye spika. Bodi ikiita, chipu lazima iitike. Isipoitika, bodi inakata sauti na kuwasha taa. Chipu imekufa hii."

Akatoa chipu na kulehemu mpya. Jioni iliyofuata wakajaribu tena. Katikati, kimya, taa nyekundu.

Mjomba alivua miwani. "Hainiingii akilini. Kwako ilifika mwisho, kwa hiyo nyaya zako hazina neno. Basi kocha aliiangusha huko uwanjani, hataki kusema. Kesho nitamwambia ukweli wake."

 Mgeni angekaa kimya, meza ingebaki yake. Lakini kocha angebebeshwa kosa ambalo si lake. Akapiga moyo konde.

"Mjomba, sikufika mwisho."

"Unasemaje?"

"Niliijaribu kwa sauti ndogo tu, muuguzi alikuwa amelala. Sikujua kama ingefika."

Mjomba aliweka bisibisi chini. "Mbona ulisema ndiyo?"

"Niliogopa utanitoa mezani." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, akayaacha. "Huku ndiko ninakoongea na mtu. Shuleni siongei na yeyote."

 Mjomba akasema, "Lete mkasi."

Walikata vile vibana vizuri vyote. Mjomba akazitenga nyaya nyembamba, akazipitisha upande mwingine, mbali na zile nene.

"Nyembamba hubeba amri," alisema. "Nene hubeba umeme wa spika. Kwa sauti ndogo zinalala pamoja bila ugomvi. Ukipandisha, umeme wa nene unakuwa mwingi, unazivuruga nyembamba. Amri inafika imeharibika, chipu haielewi, haiitiki. Haya, pandisha wewe."

Mgeni alizungusha kitufe cha sauti. Sauti ikapita katikati, ikapanda, vikombe vikagongana kwenye rafu. Taa nyekundu haikuwaka. Akafika mwisho kabisa, akasimama hapo.

Mjomba alipunguza sauti ili wasikilizane.

"Ile chipu niliyotoa ilikuwa nzima. Niliona imekufa kwa sababu nilikuamini, na nilikaribia kumsingizia mtu. Nyaya kuziweka pamoja ni kosa la kujifunza, hata mimi nimelifanya. Lakini kusema umefika mahali ambapo hukufika ni uongo, nao huwapoteza wanaokutegemea. Ukiishia nusu, sema nusu. Hakuna wa kukufukuza kwa hilo. Kesho utaipeleka amplifaya kwa kocha, umweleze mwenyewe."

"Sawa, Mjomba."

"Na mimi nina langu." Aliifuta miwani isiyo na vumbi. "Mwaka mzima nakuuliza habari za shule huku nimeinamia meza. Unajibu 'salama', naendelea kulehemu. Sikusikiliza, mwanangu. Nisamehe."

Alizima amplifaya, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Sasa niambie. Shuleni kukoje?"

Mgeni alianza kusema "salama", akajizuia. Akamwambia kulivyo.