Wimbo wa Kukamua Mashuka

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alipitia kwanza kwa mjomba wake, kinyozi. Saluni ya Mjomba ilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na gitaa lililoning'inia ukutani karibu na taulo. Binti huyu aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alifagia nywele huku akiongea, akakunja taulo huku akiongea, hata wateja wakasema kwamba pale mjomba hunyoa kichwa na mpwa wake hunyoa masikio.

Wateja wakipungua, Mjomba alishusha gitaa akamfundisha. Hakuwa mwanamuziki wa kulipwa. Alipiga kwa kuwa alipenda, na nyimbo zake zote zilikuwa za zamani: za kubembeleza watoto, za kuvuta kamba, za kulima. Lakini alikuwa na desturi moja iliyomchosha Chiriku kabisa. Hakuanza wimbo wowote kabla ya kumtaja aliyempa.

"Huu nimeupokea kwa mama yangu, mfuaji wa hospitali, aliyeupokea kwa wafuaji wenzake," angesema, na hapo ndipo vidole vingeanza kazi.

"Jamani, Mjomba! Ukimaliza kutaja ukoo wote, wateja watakuwa wameota nywele upya!"

"Zikiota nitazinyoa tena. Hasara iko wapi?"

Wimbo huo wa wafuaji ndio Chiriku aliupenda kuliko zote. Zamani, kabla ya mashine, wafuaji walikamua mashuka ya wagonjwa wawili wawili, huyu akisokota upande huu na yule upande ule, huku wakiimba. Mjomba alikumbuka beti mbili tu. Zilizobaki, alisema, zilikuwa kwa mama yake.

Siku moja mtangazaji wa redio ya mji alikaa kwenye kile kiti, na kabla ya mashine kuanza kunguruma alimwambia Chiriku habari iliyomfanya aangushe ufagio. Kutakuwa na mashindano ya watoto! Asubuhi nyimbo za asili, na mshindi atapewa cheti. Mchana nyimbo mpya, zilizotungwa na mtoto mwenyewe, na mshindi ataingia studio, arekodiwe, asikike redioni.

Studio! Chiriku alikimbia hadi nyumbani, akajifungia chumbani atunge. Alitunga mpaka wino ukamchafua shavu. Kisha akamwita rafiki yake wa dawati moja, aliyeitwa Pengo kwa jino lake la mbele lililokosekana, akamwimbia: "Naipenda shule yangu, shule yangu naipenda."

"Halafu?" Pengo akauliza.

"Halafu basi."

"Hiyo ni salamu, Chiriku. Siyo wimbo."

Chiriku alinuna. Kisha macho yakamng'aa. "Nitapiga ule wa mashuka! Nitauharakisha kidogo, niupe jina jipya. Ule wimbo hauna mwenyewe. Aliyeutunga hajulikani. Sasa nikisema ni wangu, namwibia nani?"

"Sijui," Pengo akasema. "Lakini mimi roho yangu imekataa."

Chiriku hakumsikiliza. Alijiandikisha kundi la mchana. Kwa Mjomba alisema tu, "Nitapiga ule wa mashuka, njoo mchana." Mjomba alifurahi mno, akamfungia gitaa nyuzi mpya. Bibi, mama yake Mjomba, alisema angetamani kuja, ila magoti yake hayatampeleka mbali.

Siku ilifika. Ukumbi wa mji ulifurika! Watu walikaa kwenye viti, wakasimama kando ya kuta, watoto wakapakatwa. Chiriku alisimama nyuma ya pazia, akachungulia. Mjomba alikuwa mstari wa mbele, kwa mara ya kwanza ameifunga saluni siku ya kazi. Na mlangoni, hebu tazama! Bibi alikuwa akishushwa kwenye gari la jirani, ameshika fimbo yake, amefuatana na kundi la vikongwe wenzake, wote wamevaa nguo zao bora na wote wanacheka.

"Nimewaletea wafuaji wenzangu!" Bibi alimwambia Mjomba kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya pazia. "Watamsikia mjukuu wangu!"

Chiriku alirudi nyuma hatua moja. Lakini mtangazaji alikwisha shika kipaza sauti. "Na sasa, binti wa pekee! Wimbo wake ameutunga mwenyewe, na haujawahi kusikika popote!"

Mjomba, aliyekuwa akipiga makofi, aliacha. Mikono yake ilibaki hewani.

Afanye nini sasa? Chiriku alitoka, akakaa, akapiga nyuzi. Sauti ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Akaita:

"Kamua shuka, dada, kamua!"

Hapo alinyamaza ili gitaa lijibu peke yake. Halikupata nafasi. Kutoka nyuma ya ukumbi vikongwe waliitikia kama waliokuwa wakisubiri miaka yote hiyo:

"Maji yashuke, jua lipande!"

Ukumbi uligeuka. Watu wakacheka, wakashangilia. Chiriku aliita tena, wakaitikia tena, na safari hii watu wengine waliinuka: wauguzi, dereva wa hospitali, wanawake waliowahi kufua kwa mikono. Kumbe wimbo ulijulikana! Sakafu ilitetemeka kwa miguu. Chiriku alisahau hofu, alisahau hata uongo wake, akapiga kama aliyepandwa na wazimu wa furaha. Beti zake mbili zikaisha, akainua mkono kumaliza.

Vikongwe hawakumaliza. Bibi alisimama, fimbo juu, akaita ubeti ambao Chiriku hakuwahi kuusikia:

"Likikauka, dada, likikauka?"

"Tukunje wawili, halikunjwi na mmoja!"

Vifijo vilitaka kubomoa paa. Vilipotulia, mwamuzi, mwalimu wa muziki mwenye miwani, aliinama kwenye kipaza sauti. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Binti, wimbo huu umeutunga lini?"

Mtangazaji, maskini, alitaka kumsaidia. "Pengine wamekusikia ukifanya mazoezi?"

Mlango wa kuponea ulikuwa huo, wazi kabisa. Neno moja tu, "ndiyo," na studio ingekuwa bado yake. Chiriku alimtazama Bibi, aliyekuwa bado anahema kwa furaha na hajui lolote. Akamtazama Mjomba, naye alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yakamjaa. Alisogea kwenye kipaza sauti.

"Sikuutunga," alisema. "Nimesema uongo. Huu nimeupokea kwa mjomba wangu, kinyozi, aliyeupokea kwa mama yake, mfuaji wa hospitali, aliyeupokea kwa wafuaji wenzake. Wao hao pale nyuma."

Mjomba aliinua kichwa.

"Asante," mwamuzi akasema. "Kundi la mchana ni la nyimbo mpya, na la asubuhi limekwisha. Kwa hiyo leo huna ushindi, binti. Pole."

Ilimuuma, tena iliuma sana. Lakini alipotaka kuondoka jukwaani, mtangazaji alikuwa amekwisha ruka chini kuwafuata vikongwe. "Mama zangu, shikamooni! Ninacho kipindi cha nyimbo za zamani. Mtakuja kuniimbia wimbo mzima?"

"Marahaba. Tutakuja," Bibi akasema, "ukitutafutia gari. Na mpiga gitaa tunaye, ila kwanza ajifunze ubeti wa tatu!"

Kesho yake, saluni ilipofungwa, Chiriku alimsaidia Mjomba kukunja lile shuka kubwa la kuwafunika wateja, kila mmoja ameshika ncha zake.

"Mjomba, umenikasirikia?"

"Jana, kidogo. Mpaka uliposema." Mjomba alisogea, ncha zikakutana. "Sikiliza, mpwa wangu. Wimbo wa asili ni wa wote. Upige utakavyo, uharakishe, uongeze hata ubeti wako. Huna wa kumwomba ruhusa. Wimbo ambao mtunzi wake yu hai, huo omba ruhusa kwa mwenyewe. Lakini hata uwe wa nani, usiseme umeanzia kwako. Waliokutangulia wana haki ya kutajwa. Wewe ukiwaficha, umewaibia kitu pekee walichobaki nacho."

"Sitarudia, Mjomba."

Wiki iliyofuata, redio ya saluni iliwashwa kwa sauti ya juu kabisa. Mteja mmoja, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alimzuia Mjomba mkono ili asikose hata neno. Kwanza hazikusikika nyuzi. Ilisikika sauti ya Chiriku, iliyorekodiwa siku mbili kabla, ikitaja bila haraka: mjomba, bibi, kisha wafuaji wote, mmoja baada ya mwingine.

"Huyu binti atataja ukoo mzima?" mteja akalalamika. "Nywele zangu zitaota upya!"

"Zikiota," Chiriku akamjibu, akiegemea ufagio wake, "tutazinyoa tena."