Wimbo wa Kuaga Chini ya Dirisha la Yustina

Mkokoteni wa Kasmir, umesheheni marobota, ulipompanda Yustina kidole gumba cha mguu katika jengo la nguo la barabara ya Zhanqian, huko kwa Wachina, yowe lilifika ghorofa ya tisa. Waliokuwepo wanaapa kwamba hata sanamu za kuvalishia magauni ziligeuza shingo.

"Samahani, dada!"

"Kwa lafudhi hiyo, dada yako umemwacha Bukoba. Hiki ni kidole changu!"

Kasmir, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likatoa makali, akambebea mizigo hadi mtaa wa Kangle, alikopanga Yustina. Mwezi haujaisha, wakawa wanaitana mama na baba, na hata mtoto wa kusingiziwa hawana.

Jumapili moja, baada ya misa, Kasmir akasimama chini ya dirisha la Yustina na kofia pana kama ungo. Akaimba kwa Kihispania wimbo wa mapenzi wa Kimeksiko, aliofundishwa na jirani yake, mzee mfanyabiashara kutoka Meksiko. Cherehani za mtaa mzima zikanyamaza. Yustina, ndani ya gauni la njano, moyo ukimyeyuka kama samli, akaelekeza simu imtafsirie.

Simu ikaandika: "Naondoka. Usinisubiri tena."

Mchumba wake wa kwanza alimwacha kwa maneno kama hayo hayo. Dirisha likafungwa pwaa!

Kasmir akapiga simu. "Mama, umeupenda?"

"Mei you!" akajibu kama wenye maduka wanapomwambia mteja hakuna. "Umeshaaga, nenda. Keshokutwa narudi Mbinga, na huku sirudi ng'o."

Asubuhi yake Kasmir akamkokota yule mzee mpaka mlangoni kwa Yustina. Mzee, masharubu yakitetemeka kwa kicheko, akasema kwa Kichina cha sokoni, wote wakaelewa:

"Binti, kwetu anayeondoka kweli haimbi. Anayeimba kwaheri ni yule ambaye miguu imemgomea. Mke wangu nimemuaga kwa wimbo huo miaka arobaini, sijavuka hata geti bila yeye."

Yustina akamgeukia Kasmir. "Na wewe ulijua unachoimba?"

"Hata neno moja! Nilikariri tu. Nilidhani naomba ndoa."

"Basi iombe kwa Kiswahili nikusikie."

Kasmir akapiga goti juu ya vipande vya vitambaa. Jasho likamtoka la kujaza ndoo.

"Yustina... naomba unioe."

Yustina akacheka mpaka machozi. Akamshika mzee mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kichina, kwa Kiswahili, na kwa Kimatengo cha kwao Mbinga, ambacho nacho mzee alikiitikia vizuri tu.

"Na wewe asante, baba, kwa kuja mwenyewe," akamwambia Kasmir. "Haya, nakuoa. Waambie kwenu Bukoba wanitajie mahari."