Yai Lililokataa Kuuzwa Mnadani

"Mama amekataa. Tuachane na hii kitu kwanza. Pole."

Hiyo ndiyo SMS Muchiri alinitumia Jumamosi ya Pasaka, nikiwa nyumbani kwake Jamhuri na binti yake Jackie, vidole vimejaa gundi. Yeye alikuwa ameenda Dagoretti kumwomba mama yake, Hannah, baraka za kunioa. Mke wake alifariki Jackie akiwa mchanga, na kwa miaka miwili mimi, Namalwa, mwalimu wa nasari, nilikuwa nimempenda huyo mwanaume mpaka marafiki zangu wakachoka kusikia. Makosa yangu? Eti mimi ni Mluhya, si wa kabila lao, na isitoshe nafundisha mtoto kuchezea chakula.

Chakula chenyewe ni mayai. Tulikuwa tunayatoboa na sindano huku na huku, tunapuliza mpaka ute na kiini vitoke, tunakaanga, halafu Jackie anachora sura kwenye maganda. Siku hiyo alichora kumi. Akayapanga kwenye bakuli zito la udongo, sura zikiangalia chini.

— Usimwambie Dadi. Ataona kesho.

Sikulia mbele ya mtoto. Muchiri aliporudi, nilichukua mkoba nikaenda zangu bila hata kumsalimia.

Kesho yake nilienda kanisani kwao Dagoretti, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Jackie, na mtoto havunjiwi ahadi. Baada ya ibada pale huwa kuna mnada wa sadaka: viazi, kuku, mayai, na Mzee Kinyanjui ndiye muuzaji. Sasa, asubuhi Mama Hannah alikuwa amepitia kwa mwanawe, akaona bakuli la mayai mezani, akadhani ni sadaka, akalitia kwa kiondo juu ya viazi. Hakuuliza mtu. Yeye huwa haulizi.

Kinyanjui akashika yai la kwanza, akalitikisa.

— Mama Muchiri, hili yai halina kitu ndani.

Kanisa zima likacheka. Mama Hannah, mwenyekiti wa akina mama, akainamisha kichwa. Kusema kweli, roho iliniambia ninyamaze, naye aonje aibu kidogo. Nikasimama.

— Mzee, ligeuze. Mama hajakosea. Ameleta kazi ya mjukuu wake.

Akaligeuza. Kilemba, miwani, mdomo umefungwa: Mama Hannah mwenyewe. Watu wakacheka tena, lakini hiki kilikuwa kicheko cha mapenzi, na mayai yakagombaniwa kuliko kuku. La mwisho lilikuwa na rasta zangu na shela ya tishu iliyobandikwa na gundi. Kinyanjui akasoma maandishi: "Mami Namalwa."

Muchiri akainua mkono.

— Hilo ni langu. Na mwenye hiyo sura pia, kama bado ananitaka. Mama, jana niliogopa. Leo siogopi.

Mama Hannah akatembea polepole mpaka mbele, akalichukua lile yai mkononi mwa Kinyanjui.

— Hili haliuzwi. Linaenda kwangu nyumbani.

Kisha akanigeukia.

— Na wewe umesimama hapo unangoja nini? Kuja tukapike.

— Nitakuja, Mama. Lakini kwanza huyu kijana wako afute ile SMS.

Nikampa Muchiri simu yangu mbele ya kanisa lote. Akaifuta SMS, machozi yakimtoka, na Jackie akanishika mkono.

Tulioana Agosti. Yai liko kwenye kabati ya vyombo ya Mama Hannah, na ole wako ukiligusa.